Mti Hukuaje?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetutaka tueleze sababu ya kufa kwa miche 3 kati ya ile miembe 12 iliyonunuliwa kwa michango yenu na kupandwa mbele ya ukumbi wa chama. Twakiri mbele yenu kwamba haikuuawa na mchwa wala na jua. Tuliiua sisi wenyewe, tulipokuwa tukidhani twaitunza.

Watu wengi hudhani kwamba shina la mti huinuka lote pamoja, mfano wa ndoo itolewayo kisimani. Sivyo. Mti hurefuka kwenye ncha zake tu. Msumari uliopigiliwa shinani, usawa wa kifua cha mtu, utakuwa pale pale hata baada ya miaka 20. Lakini shina hunenepa, na unene huo hutoka katika utando mwororo ulio chini ya gome. Katika gome la ndani ndimo kipitamo chakula kitokacho majanini kwenda mizizini. Nasi tuliifunga miche ile kwa waya kwenye nguzo, kisha tukaisahau. Mashina yaliponenepa, waya uliyakaba, njia ile ikazibwa, na mizizi ikafa kwa njaa.

Ama umbo la mti, hilo hutegemea sana mwanga na upepo. Mivinje iliyopandwa karibu karibu hushindania mwanga. Matawi ya chini hukosa jua yakafa, na mashina hunyooka, yakafaa kwa nguzo za kujengea. Mwembe ulio peke yake uwanjani hutandaza matawi pande zote, ukatoa kivuli. Tena mche utikiswao na upepo hujiongezea unene na kuimarisha mizizi, bali uliobanwa usitikisike hubaki dhaifu.

Miche 9 iliyosalia imekwisha kufunguliwa waya, na mapengo yatajazwa mvua za masika zikianza. Kila mwanachama aliye na mche nyumbani twamsihi autazame leo hii. Aufunge kwa kamba ya makumbi, tena kwa ulegevu, aikague kila mwezi, na aiondoe mara mche uwezapo kusimama wenyewe. Tukifanya hivyo, watoto wetu watapata kivuli, na michango yenu haitapotea tena.