Swali Kabla ya Pasipoti: Hisabati Tumizi na Vijana wa Ituri



Mihadhara ya hisabati nchini kwetu Kongo ina desturi ya kuanzia Ishango. Msemaji hutaja ule mfupa wenye michoro ambao Jean de Heinzelin aliuchimbua mwaka 1950, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Hueleza kuwa una umri wa miaka kama elfu ishirini na kwamba sasa umehifadhiwa Brussels, kisha watu hupiga makofi. Mimi nimeshautaja, basi tuendelee. Waliochora ule mfupa walimaliza sehemu yao zamani.

Nimeombwa nizungumzie nafasi zilizopo kwa kijana aliyesoma hisabati tumizi. Mtaani Bunia swali hilo huulizwa kwa ukali zaidi: huyo mtoto aliyemaliza hesabu atakula nini? Majibu yake yanajulikana. Atafundisha sekondari huku akingoja kumekanizwa, yaani kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Au atapata mkataba wa miezi mitatu katika shirika la misaada, ajaze majedwali. Au atafungua kibanda auze inite na mega za simu. Sidharau hata moja ya kazi hizo, na bila mwalimu wa sekondari ukumbi huu ungekuwa mtupu. Lakini nawasikia vijana wakizungumza juu ya nafasi za nje kana kwamba ni bahati nasibu: unatuma karatasi kumi, unaomba Mungu, unasubiri. Wanaotoa nafasi hizo hawaendeshi bahati nasibu. Wanatafuta mtu mwenye swali linaloweza kufanyiwa kazi, na maswali ya aina hiyo yamejaa Ituri hii, mengi yakishughulikiwa na watu wanaokaa mbali sana na hapa.

Chukueni Ebola. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko wa kumi. Ulijulikana Mangina, upande wa Kivu ya Kaskazini, ukavuka ukaingia kwetu Mandima na Mambasa, ukafika hata mjini Bunia. Ulipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamekufa. Hesabu iliyo chini ya habari hiyo yote inaenea kwenye kipande cha karatasi. Tuseme kila mgonjwa anaambukiza kwa wastani watu 1.5. Anza na mgonjwa mmoja. Baada ya vizazi 10 vya maambukizi, kizazi hicho peke yake kina wagonjwa zaidi ya 57, na vizazi 10 vya Ebola ni takriban miezi mitano. Sasa shusha wastani ule hadi 0.9. Wagonjwa 100 wa mwanzo wanabaki 35 katika kizazi cha kumi, na ugonjwa unakwenda kuzimika. Kazi yote iliyofanyika kwa miaka ile miwili, pamoja na magari, mahema na ugomvi wake, ilikuwa ni kuiteremsha namba moja kutoka juu ya 1 hadi chini ya 1.

Mwanahisabati huanzia hapo. Kumtenga mgonjwa siku mbili mapema kunapunguza kiasi gani? Mazishi salama je? Dozi zikiwa chache, achanjwe nani kwanza? Jibu lililotumika lilikuwa chanjo ya pete: wanachanjwa waliogusana na mgonjwa, halafu waliogusana na hao. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa katika mlipuko ule. Lakini pete huchorwa kwa orodha ya majina, na orodha zetu zilikuwa na matundu. Modeli tuliyorithi kutoka kwa Kermack na McKendrick, ya mwaka 1927, hudhani kila mtu anakutana na kila mtu kwa usawa. Lakini huku kwetu timu ya afya ikishambuliwa leo, kesho hakuna anayefuatilia mtu, na wiki chache baadaye wagonjwa wanaongezeka. Mwaka 2019 watafiti walioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha makala iliyopima jambo hilo hasa, yaani jinsi mashambulio yalivyogeuza mwelekeo wa ugonjwa uliokuwa umeanza kushuka. Ni kazi nzuri, naifundisha. Ila kijana wa Komanda anajua soko gani hujaa siku gani, barabara ipi hufungwa kwanza, na familia ikiogopa humpeleka mgonjwa kwa nani. Ujuzi huo ndio data ambayo modeli ile inaililia, na hauuzwi popote.

Upande wa takwimu una hadithi yake, na ni ya kujivunia. Novemba 2018 Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake walianzisha majaribio ya dawa nne kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kila mgonjwa akipangiwa dawa kwa bahati. Jumla ya wagonjwa 681 waliingia. Agosti 2019 majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa tofauti ilikuwa imeshaonekana: waliopewa dawa mbili zilizoshinda walikufa kama mtu mmoja kati ya watatu, waliopewa dawa ya kulinganishia walikufa karibu nusu. Sasa fikirini: unajuaje, katikati ya kazi, kwamba tofauti unayoiona ni ya kweli na si mchezo wa bahati? Ukisimamisha mapema mno unaidhinisha dawa isiyofaa. Ukichelewa, watu wanakufa mikononi mwako wakipewa dawa dhaifu. Kanuni ya kusimamisha huandikwa kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, na anayeiandika ni mwanatakwimu. Mojawapo ya dawa zilizoshinda, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Muujiza wa damu umeandikwa sana magazetini. Kanuni ya kusimamisha haikupata nafasi.

Nitaje jambo la pili, na hili linanikera. Nchi hii ilihesabu watu wake kisayansi mwaka 1984, na haijarudia. Kila idadi ya watu wa Djugu, Irumu au Aru mnayoisoma leo ni makadirio, na mengine ni makadirio ya makadirio. Katika majimbo matano ya magharibi watafiti walihesabu kaya katika maeneo machache yaliyochaguliwa kwa bahati, wakatazama paa za nyumba katika picha za satelaiti, kisha wakatumia modeli za uwezekano kujaza sehemu zisizohesabiwa. Njia hiyo inataka vijana wanaojua takwimu za Bayes na wanaoijua ardhi. Hapa kwetu ina ugumu wake: paa za kijiji zinaonekana wakati wenyewe wamekimbilia kambi za Bunia, na katika kambi hema moja lina kaya tatu. Nani kati yenu ameandika TFC, kazi yake ya kumalizia masomo, juu ya hilo? Naona TFC nyingi zinazothibitisha tena nadharia zilizothibitishwa Ufaransa karne ya kumi na tisa.

Dhahabu je? Imejulikana Kilo tangu 1903, na hakuna mtu ukumbini asiye na ndugu aliyewahi kushuka shimoni Mongbwalu. Mwaka 1951 mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, Danie Krige, aliandika tasnifu ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand juu ya tatizo la kila mchimbaji: umechukua sampuli mahali kadhaa, utajuaje kilichomo katikati? Wazo lake ni kwamba sampuli za karibu hufanana kuliko za mbali, na kufanana huko kunaweza kupimwa, kisha kila sampuli ipewe uzito wake. Miaka ya 1960 Mfaransa Georges Matheron aliligeuza wazo hilo kuwa nadharia kamili. Leo kampuni kubwa za migodi duniani hukadiria akiba zao kwa njia hiyo, na inafundishwa hata vyuo visivyo na mgodi karibu. Mgodi wa Kibali, huko Haut-Uele, ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2013. Kazi za jiostatistiki ziko mlangoni petu, na sisi katika vyuo vyetu bado tunafundisha aljebra ya mstari bila kumwambia mwanafunzi kwamba ndiyo inayotafuta ule uzito wa sampuli za Krige. 

Sasa milango. Ulio karibu zaidi ni AIMS, taasisi iliyoanzishwa Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003 na mwanafizikia Neil Turok, na ambayo sasa ina vituo Senegal, Ghana, Cameroon na Rwanda. Inatoa shahada ya uzamili ya sayansi za hisabati. Anayekubaliwa hulipiwa masomo, chakula na malazi, na walimu huja kutoka pande zote za dunia, kila mmoja akifundisha wiki chache na kuondoka. Najua wengine mmenyamaza niliposema Rwanda. Siwalaumu, na sitamlazimisha mtu. Kuna Mbour ya Senegal na kuna Limbe ya Cameroon. Anayekwenda Kigali atapita Mahagi na Kampala, na aende akiwa ameshazungumza na wazazi wake.

Wa pili ni Trieste, Italia, katika kituo alichokianzisha Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964, hasa kwa ajili ya wanasayansi wa nchi kama yetu. Kina diploma ya mwaka mmoja, hisabati ikiwemo, kwa mtu anayetaka kujiandaa kwa udaktari. Wa tatu, ambao watu wa Kifaransa hatuutumii vya kutosha, ni CIMPA ya Nice, iliyoanza 1978: huandaa shule fupi katika nchi za Kusini na hugharimia washiriki wa nchi jirani. Kwa wanaopenda akili bandia kuna Deep Learning Indaba, iliyoanza Johannesburg mwaka 2017 na mwaka 2025 ikafanyika Kigali. Kongamano la dunia la hisabati tumizi, ambalo huja kila baada ya miaka minne, lilikuwa Tokyo mwaka 2023, na la 2027 limepangiwa The Hague. Huko Heidelberg, Ujerumani, kila Septemba, vijana 200 hukaa wiki nzima na washindi wa tuzo kubwa za hisabati na kompyuta. Anayejiona anatosha aombe mwenyewe.

Mlango mmoja una fundo linalotuhusu sisi walimu. Umoja wa Kimataifa wa Hisabati unatoa ufadhili wa udaktari kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea, na fedha zake zilitolewa na wanahisabati waliokuwa wameshinda tuzo. Mwanafunzi hapeleki jina lake mwenyewe. Hupendekezwa na mwanahisabati. Profesa asiyejibu barua pepe amemfungia mtoto wa watu mlango ambao mtoto hana ufunguo wake.

Vizuizi ni vya kawaida na vinavukika. Kiingereza: tuko mpakani na Uganda, kuliko Kinshasa tuna nafuu. Shahada: vyuo vyetu vilianza kuhamia mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) mwaka 2021, hivyo lisansi ya zamani ilikuja baada ya miaka mitano na ya sasa ni mitatu, na karani wa Trieste haijui tofauti hiyo. Iandikeni wazi, mwaka kwa mwaka, na mwombe karatasi za alama kabla hamjazihitaji. Pasipoti na viza huchukua muda mrefu kuliko masomo mengine, anzeni mapema. Kwa dada zetu nitaje jina moja: Rebecca Walo Omana, mtawa, profesa wa Kinshasa, mtaalamu wa milinganyo tofautishi na mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa hisabati nchini. Mzazi anayesema hesabu si za wasichana abishane na huyo.

Lipo pia jambo lisilohitaji viza. Mwaka 1968 wanahisabati wa Oxford walianza kukutana kwa wiki moja na watu wa viwanda. Siku ya kwanza kiwanda kinaeleza tatizo lake kwa maneno ya kawaida, siku zinazofuata wanahisabati, wanafunzi kwa maprofesa, wanahangaika nalo ubaoni, na siku ya mwisho wanatoa walichopata, hata kama ni nusu. Afrika Kusini imekuwa na wiki ya namna hiyo tangu 2004. Napendekeza vyuo vya Bunia viandae yao wakati wa likizo kubwa: Chuo Kikuu cha Bunia, Shalom, na ISP kwa pamoja, bila kugombania nani ataketi meza ya mbele. Waitwe watu wa ofisi ya afya waje na swali la kugawa chanjo, watu wa umeme wa Budana na swali la mgao, na ushirika wa wachimbaji na sampuli zao. Chaki tunayo, na jenereta ikizima ubao bado unasomeka.

Anayetaka barua yangu ya mapendekezo, ofisi iko wazi Alhamisi asubuhi. Aje na karatasi za alama, na ukurasa mmoja, Kifaransa au Kiswahili, unaoeleza swali moja la Ituri, data yake inapatikana wapi, na kwa nini njia ya kwanza aliyoijaribu haikufaulu. Ukurasa huo tutautafsiri pamoja.