Barabara Isiyo na Ukingo: Usalama wa Wapita Njia ni Deni la Haki



Katika mazishi mengi niliyoyaongoza ya watu waliogongwa na magari, nimesikia maneno yale yale yakinenwa kando ya kaburi: "Siku yake ilikuwa imefika." Maneno hayo husemwa kwa nia njema, ili kuwafariji wafiwa, nami simlaumu mtu aliyeyatamka kwa uchungu. Lakini leo nawaombeni tuyapime. Je, ni Mungu aliyeamua kwamba barabara ya lami ipite kati ya makazi ya watu na shule ya watoto wao, pasipo mahali pa kuvukia? La hasha! Hayo huamuliwa na wanadamu, mezani, kwa kalamu na rula. Na lililoamuliwa na wanadamu laweza kuamuliwa upya na wanadamu.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, kinamwagiza mwenye kujenga nyumba mpya auzungushie ukingo upande wa juu, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Nyumba za siku zile zilikuwa na dari bapa, ambako watu walianika mazao na kupumzika. Tazameni hekima ya agizo hilo. Halingoji mtu aanguke ndipo limwulize kama alikuwa mzembe, mlevi au mtoto. Linatambua kwamba binadamu huteleza. Kwa hiyo linamdai mjenzi, tena linamdai kabla ya msiba.

Barabara ni dari yetu ya leo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 1,190,000 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021. Kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo ndizo zinazoua kuliko ugonjwa wowote. Na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Maana yake, asiye na gari ndiye anayelipa kwa damu gharama ya haraka ya mwenye gari. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa jambo la haki, wala si la polisi peke yao.

Chanzo kikubwa cha mauti ni mwendo. Dereva aendaye kilometa 80 kwa saa, hata akichukua sekunde moja tu tangu amwone mtoto hadi akanyage breki, gari limekwisha kwenda meta 22. Kwa kilometa 30 ni meta 8 tu. Aidha, mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne. Mifupa ya binadamu haikuumbwa kwa kishindo hicho. Ndiyo sababu mawaziri wa nchi nyingi, walipokutana Stockholm mwezi wa Februari 2020, walitoa wito kwamba mahali ambapo watu na magari huchangamana, mwendo usizidi kilometa 30 kwa saa.

Mwaka 1997 Bunge la Sweden liliridhia msimamo kwamba hakuna kifo wala jeraha baya la barabarani linaloweza kukubalika kimaadili. Tangu hapo waliopanga barabara walihesabiwa kuwa na wajibu pamoja na madereva. Waliweka nyaya imara katikati ya barabara ili magari yasigongane uso kwa uso, na walipunguza mwendo katika miji. Mwaka 1997 walikufa watu zaidi ya 500. Mwaka 2022 hawakufika 250.

Mtu asiseme kwamba hayo ni ya nchi tajiri. Hapa kwetu Dar es Salaam, shirika la Amend lilikwenda kwenye shule za msingi ambako watoto walikuwa wakigongwa, likatengeneza njia za miguu, matuta, vivuko na alama; na penye nafasi, lango la shule likahamishiwa upande wenye utulivu. Mwaka 2019 mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji. Tuta si kitu cha anasa, ndugu zangu. Ni ukingo wa dari.

Je, basi, dereva mlevi hana hatia? Anayo, na tena kubwa. Lakini Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1987 juu ya maendeleo, alitufundisha kuitambua pia miundo ya dhambi, yaani mipango ambayo makosa na uzembe wa wengi umeijenga na kuiimarisha. Barabara inayogeuza kosa la nukta moja kuwa kifo ni mojawapo.

Yatupasa nini? Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iandike mahali watu wanapogongwa, saa na namna. Pili, taarifa hiyo ipelekwe serikali ya kijiji au mtaa, kwa diwani, na kwa wahusika: TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, TARURA kwa zile za wilaya, za mijini na vijijini. Tatu, tusingoje lami imwagwe. Barabara inapopangwa, twende mkutanoni tukaulize: mtoto atavukia wapi? Kuongeza mstari katika ramani ni rahisi kuliko kuvunja lami.

Nne, tuanze nyumbani mwetu. Ni mara ngapi tumepakia wanakwaya nyuma ya lori, wamesimama, wakiimba, kwenda sherehe ya upadrisho? Mimi mwenyewe nimewahi kulibariki lori kama hilo lisafiri salama. Leo naona kwamba nilipaswa kuwateremsha kwanza.

Tuendelee kuwazika wafu wetu kwa heshima na kuwaombea. Lakini tukirudi kutoka makaburini, tupite pale walipoangukia, tutazame kama ukingo umejengwa.

Mungu awabariki.