Akili Mnemba na Mifereji ya Sale

Ndugu zetu katika imani, tumeulizwa iwapo akili mnemba itawafaa vijana wa Sale katika dhiki ya maji. Twasema yafaa, lakini si kwa namna wanayoidhania wengi. Mwanafunzi akiiuliza chemchemi ya kijijini kwake itapungua lini, itamjibu kwa ufasaha, ilhali haijapewa kipimo hata kimoja cha chemchemi hiyo. Jibu hilo ni dhana tu, ijapokuwa limevikwa joho la elimu.

Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, wamelima kwa mifereji tangu enzi za mababu, zamu za maji zikigawanywa na baraza la wazee, wenamiji. Basi mwanafunzi na aanzie mferejini. Pale maji yanapodondoka, akinge ndoo ya lita 20 na kuhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 10, mfereji unatoa lita 2 kwa sekunde. (Saa ya simu yatosha.) Aandike kila juma, pamoja na mvua iliyonyesha. Daftari la miaka kadhaa likiingizwa katika kompyuta, hapo akili mnemba yaweza kukadiria mvua ya masika huchukua siku ngapi kuonekana chemchemini, na kuonya mapema kiangazi kikali kikikaribia.

Ama mgao wenyewe, huo tusiiachie mashine. Nani atangulie kumwagilia, mwenye shamba la juu au mjane wa chini, ni suala la haki, na watakaoulizwa ni watu. Mwanafunzi awapelekee wazee hesabu zake, kisha akae awasikilize.