Damu, Oksijeni na Siku: Namna ya Kuiongezea Mionzi Nguvu Dhidi ya Saratani

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya, Igoma, Mwanza



Wagonjwa wanaotoka Mara kwa barabara kwenda Hospitali ya Bugando kutibiwa saratani hupita hapa Igoma. Wamo kina mama wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, na safari yao huanzia kwenye zahanati kama zetu. Tukisikia habari ya kuiongezea mionzi nguvu, tunadhani ni kazi ya madaktari bingwa na mafundi wa mashine. Nimekuja kueleza kwa nini sehemu kubwa ya kazi hiyo ni yetu.

Mionzi huua seli ya saratani kwa kukata DNA yake. Uzi mmoja ukikatika, seli huuunga upesi. Nyuzi zote mbili zikikatika pamoja, mara nyingi seli haiponi. Sehemu kubwa ya uharibifu huu hupitia kwenye maji: mionzi huvunja maji yaliyomo ndani ya seli, na kemikali kali zinazozaliwa hapo ndizo zinazoishambulia DNA. Oksijeni ikiwepo, hulishika jeraha hilo likawa gumu kurekebishwa. Isipokuwepo, seli hujitibu na kuendelea kuishi. Ndiyo sababu seli iliyokosa oksijeni huhitaji dozi ya mara 2.5 hadi 3 ili ife sawa na yenye oksijeni ya kutosha.

Aliyelifanya jambo hili lieleweke ni mwanafizikia Mwingereza, Louis Harold Gray, ambaye jina lake ndilo kipimo cha dozi tunachokiona kwenye mafaili ya wagonjwa. Mwaka 1955, yeye na mwenzake Thomlinson walichunguza vipande vya saratani ya mapafu wakaona kwamba seli zilizo mbali na mshipa wa damu, hata kwa sehemu 2 tu za kumi za milimita, zilikuwa zimekufa. Pembeni ya zilizokufa huwapo seli zinazoishi kwa oksijeni kidogo mno, na hizo ndizo zinazoweza kunusurika na mionzi na kuurudisha ugonjwa.

Jambo la kwanza basi ni damu, kwa kuwa ndiyo hubeba oksijeni. Tutazame hali ya Kanda ya Ziwa. Hapa kuna malaria, safura, kichocho na selimundu, na yote hupunguza damu. Juu ya hayo, uvimbe wa mlango wa kizazi wenyewe hutoa damu kwa miezi. Mgonjwa akifika Bugando akiwa na kiwango cha damu cha gramu 7 kwa desilita, uvimbe wake unaweza kuwa na njaa ya oksijeni tangu siku ya kwanza ya tiba. Vituo vingi vya tiba hutaka damu isipungue gramu 10.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kupandisha namba pekee kunatosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwapa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo homoni ya kuongeza damu wakati wa mionzi. Damu ilipanda kweli, lakini ugonjwa uliwarudia zaidi kuliko wasiopewa. Kwa hiyo kazi yetu ni kutafuta chanzo: kupima malaria, kupima choo na mkojo, kutibu minyoo na kichocho, kutoa madini ya chuma anayeyahitaji, na kumpa rufaa mapema anayetokwa damu.

Jambo la pili ni siku, na hili linaniuma kuliko yote. Dozi hugawanywa vipande vidogo vya kila siku ili seli nzima za mwili zipate nafasi ya kujirekebisha, na seli za uvimbe zilizokosa oksijeni zifikiwe na oksijeni kadiri uvimbe unavyopungua. Lakini seli za saratani zilizobaki nazo huzaliana. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, tiba yote ya mionzi, ya nje na ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki 8. Ikirefuka, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe hupungua kwa takriban asilimia 1 kwa kila siku inayozidi. Mama anayerudi Ukerewe kwa sababu fedha ya chakula imekwisha, akakaa wiki 2, amepoteza nguvu ya tiba ambayo hakuna mashine itakayomrudishia kirahisi. Ningeiweka nauli na mahali pa kulala katika orodha moja na dawa.

Sigara nayo hupunguza oksijeni inayobebwa na damu. Vidonge vya vitamini E kwa dozi kubwa vinaweza kuukinga uvimbe dhidi ya mionzi pamoja na mwili. Tumuulize mgonjwa kwa upole anatumia nini, zikiwemo dawa za mitishamba, bila kumkaripia.

Kwa upande wa mashine na dawa, Japani hutumia miale ya kaboni kutibu saratani tangu 1994, na miale hiyo haitegemei sana oksijeni, lakini mitambo yake ni ghali mno. Tulichonacho ni sisplatini, inayotolewa kila wiki pamoja na mionzi ili kuidhoofisha seli. Dawa hii inahitaji figo zinazofanya kazi, na uvimbe uliokua huweza kuziba njia ya mkojo na kuziumiza figo. Anayechelewa hufika akiwa hawezi tena kuipata.

Napendekeza kila fomu ya rufaa itokayo kwetu iandikwe kiwango cha damu, majibu ya malaria na kichocho, hali ya VVU, dawa anazotumia, na namba ya simu ya ndugu wa karibu. Pia mhudumu mmoja wa mtaa apewe jina la mgonjwa, ili siku mgonjwa asipoonekana kwenye mionzi apigiwe simu jioni hiyo hiyo.