Kivinjari Huondoka, Wasifu Hubaki

Kusanidua programu, yaani kuiondoa kwenye kompyuta ilimosakinishwa, ni kazi ambayo katika mfumo wa Windows humalizika kwa kubofya mara chache tu, na wepesi huo ndio unaowafanya watumiaji wengi kuamini kwamba kivinjari, programu inayofungulia kurasa za intaneti, kikishaondolewa huondoka na kila kilichokihusu. Firefox ya Mozilla, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004, haiendi hivyo. Inapoondolewa, mafaili ya programu hufutwa, lakini wasifu wa mtumiaji kwa kawaida hauguswi, nao ni folda inayotunza historia ya kurasa zilizotembelewa, vidakuzi, ambavyo ni vijifaili vinavyoziwezesha tovuti kumtambua mgeni anaporudi, pamoja na nywila alizokubali zihifadhiwe. Folda hiyo imo ndani ya AppData, ambayo Windows yenyewe huificha.

Utaratibu huo haukuwekwa kwa hila, kwani anayekiondoa kivinjari kilichoharibika ili akisakinishe upya hufurahi kuvikuta vitu vyake vyote mahali pake. Balaa huja kompyuta inapouzwa. Nywila zimo kwa maandishi fiche katika faili liitwalo logins.json, ila ufunguo wa kuyafumbua umo katika faili la jirani, key4.db, kwa hiyo, ikiwa mwenye kompyuta hakuweka nywila kuu ya kuufunga ufunguo huo, atakayeyanakili yote mawili na kuyapachika kwenye Firefox yake atazisoma bila jasho. Huo ni ulinzi wa jina tu.

Chrome, iliyotoka mwaka 2008, ina nafuu kidogo, maana huuliza iwapo data ya kuvinjari ifutwe pia, ingawa huuliza kwa kisanduku kidogo ambacho mwenye haraka hukipita bila kukitia tiki. Na hata akikitia, nakala zilizokwisha kusawazishwa, yaani kupelekwa kwenye akaunti yake ya Google, hubaki huko.

Anayebaki na kompyuta yake yatosha aifute folda ya wasifu wa Firefox, iliyoko AppData katika sehemu mbili, Roaming na Local, kisha amwage pipa la taka. Anayeuza asihangaike na folda moja moja: aiweke Windows upya kwa chaguo la kuondoa kila kitu, tena abadilishe nywila za benki na barua pepe kabla ya kumkabidhi mnunuzi mashine.