UUGUZI NA MAKUZI YA MTU, TANGU UCHANGA HATA UZEE

Hotuba kwa watu wa Komarock, Nairobi



Leo nataka kuwaeleza habari za makuzi ya mtu, na sababu ya wauguzi kuyasoma. Wengine huyaita maendeleo. Lakini neno hilo tumekwisha kulizoeza barabara na visima, na mtoto si barabara. Kwa hiyo mimi nasema makuzi.

Mama hufika zahanati na mtoto anayekohoa, na jambo la kwanza aulizwalo ni umri wa mtoto. Mama mwenye haraka huona swali hilo ni la kujaza kitabu tu. Sivyo. Mwuguzi atatazama saa dakika nzima, akihesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia. Kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, mtoto aliye chini ya miezi 2 huhesabiwa kuwa anapumua kwa kasi akifikisha pumzi 60 kwa dakika. Tangu miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka, ni 50. Tangu mwaka 1 mpaka kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40. Basi pumzi 45 kwa mtoto wa miezi 3 hazizidi kiasi. Lakini kwa mtoto wa miaka 2 mwenye kikohozi, pumzi hizo hizo zaweza kuwa dalili ya nimonia, nayo huua. Ndiyo maana twawaomba mje na kijitabu cha afya ya mama na mtoto, wala msikisie umri.

Makuzi si ya mwili peke yake. Bibi Mary Ainsworth alikaa Uganda katika miaka ya 1954 na 1955, akiwatembelea akina mama na watoto wao wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona jinsi mtoto atambaaye anavyomwacha mama yake akachungue vitu, kisha humrudia, kisha huenda tena. Akina nyanya zetu walilijua jambo hilo, ila hawakuliandika. Yamkini mtoto wa miezi 9, aliyekuwa akimchekea kila mtu, sasa hulia akimwona mgeni. Na umri huo ndio wa kuchanjwa surua! Mwuguzi ajuaye kazi yake hamnyakui mtoto huyo. Humwacha mapajani mwa mama, akamchanja hapo hapo. Mama naye asimwonee haya mtoto wake kwa kilio hicho, maana si utovu wa adabu.

Kijana wa miaka 15 ni habari nyingine. Mbele ya mama yake atasema anaumwa na kichwa, basi. Mwuguzi akiomba kuzungumza naye faraghani, mzazi asidhani kwamba amedharauliwa. Na mtu mzima, mwenye kuondoka alfajiri kwenda mjini, hujiona mzima mpaka aanguke. Shinikizo la damu halibishi hodi, kwa hiyo apimwe hata kama haumwi.

Nimewawekea nafasi kubwa wazee, kwa kuwa hao ndio tunaowakosea zaidi. Mtaalamu Erik Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, aliyagawa maisha ya mtu mafungu 8, na uzee ndio wa mwisho: wakati wa mtu kuyatazama maisha yake yote na kuyapima. Mzee apendaye kusimulia mambo ya zamani hajapotewa na akili; yumo katika kazi ya umri wake, na mwuguzi mwema humsikiliza huku akimfunga kidonda.

Lakini kuna kuchanganyikiwa kwa namna nyingine. Nimonia, au ugonjwa wa njia ya mkojo, waweza kumshika mzee bila homa kali. Dalili ya kwanza yaweza kuwa kupotewa na fahamu za mambo, kukataa chakula, au kuanguka. Jamaa husema, "Ni uzee tu," wakamfunika blanketi. Nyanya aliyewajua wajukuu wake Jumatatu, akawasahau Jumatano, hakuzeeka kwa siku 2. Mpelekeni Hospitali ya Mama Lucy Kibaki siku hiyo hiyo, naye aliyekaa naye nyumbani afuatane naye, amweleze mwuguzi jinsi alivyokuwa juzi na dawa azimezazo.