Mji, Pindo na Jina: Kanga na Siasa ya Kusema Bila Kusema



Nimekuja na doti moja ya kanga. Haijakatwa wala haijapindwa, na bado inanukia duka. Mhudumu wa ukumbi aliponiona naiweka hapa mbele alidhani ni kitambaa cha meza, akataka kunisaidia kuitandika. Nikamwomba aiache. Ndiyo mada yenyewe.

Kila aliyepita kidato cha nne amewahi kuandika kwamba sanaa ni kioo cha jamii. Nimeisahihisha sentensi hiyo miaka na miaka, na kila mara nikaipa alama zake. Leo nazidai. Kioo humwonyesha mtu alivyo, basi. Hakimfuniki kichwa.

Nasema kichwa kwa sababu maalumu. Katika Unguja ya karne ya 19, vazi lilikuwa cheo. Mtumwa alivaa merikani, ile nguo ghafi ya pamba iliyoshushwa na meli za Marekani, au kaniki, ambayo ni nguo hiyohiyo iliyochovywa nili mpaka ikaiva weusi. Kufunika kichwa ilikuwa alama ya uungwana, na mtumwa hakuwa na ruhusa nayo. Mtu akichomoza mwisho wa kichochoro, ulishajua wa wapi kabla hujamwona uso. Watu walikuwa wamefundishwa kuona hivyo, na waliona hivyo bila kujijua.

Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed akatoa amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria. Amri ilikuwa na matundu. Aliyetaka uhuru ilibidi aende mwenyewe kuuomba, na masuria hawakuguswa hadi 1909. Karatasi ilikwenda polepole. Nguo ilikwenda mbio. Kanga ilikuwa imeshaingia sokoni miaka kadhaa nyuma, nayo huuzwa jozi: moja ya kujifunga, ya pili ya kujitanda kichwani na mabegani. Hiyo ya pili ndiyo ninayoiita siasa. Mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, aliyejitanda kanga akapita sokoni hakuwa anaakisi jamii mpya, maana jamii hiyo haikuwepo bado. Alikuwa anawalazimisha watu waione.

Na nani aliyebuni nguo hii? Masimulizi ya pwani yanasema wanawake walinunua leso zilizouzwa zikiwa zimeshikana kwenye jora, wakakata tatu, wakakata tatu nyingine, wakaziunga zikawa shuka moja. Leso ni neno lenye asili ya Kireno, na Mombasa hadi leo wanaiita hivyo. Jina kanga, wanasema, lilitokana na madoadoa yaliyofanana na ya yule ndege aitwaye kanga. Wafanyabiashara wakaona sindano za wanawake zimewatangulia, wakaanza kuagiza nguo nzima. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza 1887, bado linajulikana kwa alama yake, Mali ya Abdulla. Viwanda vya India, Uingereza, Uholanzi, na baadaye Japani, vilichapa kwa mashine kubwakubwa, lakini rangi ikikataliwa na wanawake wa Ng'ambo ilibaki kwenye rafu ikiliwa na vumbi. Napenda kuwakumbusha jambo hili wenzangu wanaofundisha kwamba ladha hushuka kutoka juu.

Sasa tuikunjue. Hili linalozunguka pande zote ni pindo. Hapa katikati ni mji. Na huu mstari mmoja juu ya pindo la chini ni jina, ambalo zamani liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Najifunga kanga hii, mnisamehe, mimi ni mtu mzima. Tazameni jina limekwenda wapi: nyuma, chini ya kiuno. Mvaaji halioni. Anayelisoma ni yule aliyeachwa nyuma njiani: mke mwenza, wifi, jirani aliyepeleka maneno. Akija juu, jibu liko tayari: "Mimi nilipenda rangi."

Maneno hayohayo yangetamkwa kwa mdomo, wangefikishana kwa sheha. Darasani tunafundisha fani kama chombo na maudhui kama chakula, kisha tunakimbilia chakula. Katika kanga, chombo ndicho kinachoamua nani aseme, nani asikie, na nani aweze kukana. Mwanamke ambaye barazani haulizwi neno amepata pa kusemea, na hakuna wa kumwita shahidi.

Dola nayo ikatamani mahali hapo. Baada ya uhuru tulichapa sura ya Mwalimu Nyerere, tukachapa Azimio la Arusha, na kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, nguo zikawa zinatoka hapahapa nyumbani. Vikaja vyama vingi mwaka 1992, na kanga za kampeni zikagawiwa kama pipi. Mwaka 2008 hata Obama aliingia kwenye mji wa kanga. Kwa jicho langu, nyingi za hizi ni kazi dhaifu. Zina jina lakini hazina fumbo. Zinapiga kelele, na kanga haikuumbwa kwa kelele. Kila mtu anajua nani anasema na anataka nini, kwa hiyo hakuna wa kugeuka kusoma mara ya pili. Baada ya uchaguzi huwa mbeleko, kisha tambara la jikoni.

Tena kuna tatizo la ufundi ambalo hakuna kamati ya kampeni iliyolitatua. Mgombea anataka sura yake ikae katikati. Katikati ya kanga, ikishafungwa, mnajua ni wapi. Mtu kakesha akitafuta heshima, kisha anakaliwa kwenye mkeka.

Msimu mmoja wa uchaguzi nilikaa jirani na bibi mmoja msibani. Alikuwa amejifunga kanga ya kampeni, lakini ameigeuza, uso wa mgombea umeingia ndani, nje kumebaki upande usiokolea. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtoto asiyefunzwa. "Mwanangu, mkubwa hakaliwi."

Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Mpaka leo sijui kama alikuwa anamstahi au anamficha, na nilipotaka kuuliza tena alikuwa ameshageukia sufuria ya pilau.